Kusakinisha programu wakala kwenye seva za faili kwa ajili ya kuhamishia faili za zamani hifadhini

Seva ya faili inayotumiwa na idara nyingi hujaa polepole, na ukichunguza kilichoijaza utakuta sehemu kubwa ni faili ambazo hakuna aliyezifungua kwa muda mrefu, lakini pia hakuna anayethubutu kuzifuta. Mfumo wa hifadhi ya nyaraka umekusudiwa kwa hali kama hiyo. Husoma faili za zamani, huzipeleka kwenye hifadhi yake ya kudumu, kisha huacha mahali pake faili kiwakilishi, yaani kitu chenye jina lile lile, ruhusa zile zile na ukubwa ule ule unaoonekana, ila maudhui hayamo. Mtumiaji akikifungua, maudhui huletwa kutoka hifadhini naye huendelea na kazi yake. Kuacha viwakilishi na kurejesha maudhui ndiyo kazi ya programu wakala inayosakinishwa kwenye seva yenyewe ya faili.

Msomaji aelewe tangu mwanzo kwamba programu hii haikai pembeni kama programu nyingi tunazosakinisha. Huingia katika njia inayopitiwa na kila ombi la kusoma au kuandika faili kwenye diski husika, na ikikosea, wanaoumia ni watumiaji wote kwa wakati mmoja. Kusakinisha kwenyewe huchukua dakika chache. Kazi hasa iko kabla na baada yake, na ndiyo maana nitaielezea zaidi kuliko vitufe vya kubofya. Maelezo haya yanahusu Windows Server. Majina ya huduma na ya skrini hutofautiana kati ya bidhaa na bidhaa, hivyo mwongozo wa bidhaa yako uwe wazi kando yako unapofuata hatua hizi.

Inavyofanya kazi ndani ya mfumo wa faili

Mfumo wa faili wa NTFS huruhusu faili kubandikwa alama maalumu ya uelekezaji, ambayo humwambia mfumo endeshi kwamba faili hii isifunguliwe kwa njia ya kawaida bali ombi lipelekwe kwa kichujio (programu ndogo inayokaa kwenye njia ya maombi ya faili) kinachoitambua alama hiyo. Faili ikishakuwa kiwakilishi hubeba alama hiyo pamoja na sifa ya kuwa nje ya mtandao, ambayo amri ya attrib huionyesha kwa herufi O. Programu wakala huweka kichujio chake kwenye kiini cha mfumo endeshi, na kichujio hicho ndicho humzuia mtumiaji kwa sekunde chache, huiamuru huduma ya urejeshaji ilete maudhui, kisha humwachia aendelee.

Vichujio vya namna hii huwa vingi kwenye seva moja, na hupangwa kwa ngazi. Kila kimoja kina namba ya mwinuko, na chenye namba kubwa ndicho huliona ombi kwanza. Microsoft imetenga namba 320000 hadi 329999 kwa vichujio vya programu za kukinga virusi, na 180000 hadi 189999 kwa vichujio vinavyohamisha faili kwenda hifadhi ya ngazi nyingine. Namba hizo zinastahili kukumbukwa kwa sababu zinaeleza chanzo cha ajali iliyo kubwa kuliko zote katika kazi hii. Programu ya kukinga virusi iko juu. Ikiamua kufungua kila faili ili iikague, ombi lake hushuka hadi kwenye kichujio cha hifadhi, na kichujio hicho, kisipoambiwa vingine, hudhani ni mtumiaji anayetaka faili yake, nacho huirejesha yote.

Niliwahi kukuta seva ambayo jioni ilikuwa imebakiwa na nafasi ya kutosha na asubuhi haikuwa na nafasi hata ya kuhifadhi waraka mmoja. Usiku ule ukaguzi wa virusi wa kila wiki ulikuwa umepita kwenye kila folda na kurudisha faili zilizokuwa zimehamishwa kwa muda wa wiki kadhaa, mpaka diski ikajaa na watumiaji wakashindwa kufanya kazi. Programu wakala ilikuwa imesakinishwa bila kosa lolote. Kilichokosekana ni mazungumzo ya dakika kumi na wenzetu waliosimamia kinga ya virusi.

Kagua seva kabla ya kugusa kisakinishi

Anza na diski. Alama ya uelekezaji inahitaji mfumo wa faili unaoiruhusu, na NTFS unatosha. FAT32 na exFAT haziiruhusu kabisa. Kisha angalia kama diski hiyo imewashiwa uondoaji wa data zinazojirudia wa Windows Server, kwa kuwa huduma hiyo nayo hutumia alama za uelekezaji, na faili moja haiwezi kubeba alama mbili kwa wakati mmoja. Baadhi ya bidhaa za hifadhi zinajua kuishi pamoja nayo, nyingine hazijui. Jibu litoke kwenye orodha ya mtengenezaji ya mifumo inayokubalika, wala usilitafute kwa kujaribu kwenye seva inayotumika.

Kama faili zako ziko kwenye kifaa maalumu cha hifadhi ya mtandao, hutasakinisha chochote ndani yake. Kwenye vifaa vya NetApp, kwa mfano, seva ya hifadhi huwasiliana na kifaa kwa utaratibu uitwao FPolicy, na programu inayofanya kazi ya wakala hukaa kwenye seva nyingine. Hilo ni somo jingine.

Sasa fungua dirisha la amri ukiwa na haki za msimamizi, andika fltmc filters, kisha uhifadhi matokeo kwenye faili ya maandishi. Utaona safu ya majina ya vichujio, idadi ya mahali kila kimoja kilipojishikiza na mwinuko wake. Orodha hiyo ndiyo picha ya seva kabla hujaigusa. Tatizo likizuka baadaye, utalinganisha orodha mbili na kujua kilichoongezeka. Pia itakuonyesha kama kuna wakala wa hifadhi aliyesakinishwa zamani na kusahauliwa, jambo linalotokea mara nyingi kwenye seva zilizopitia mikono ya watu wengi.

Chukua nakala rudufu kamili ya diski, kisha jaribu kurejesha folda moja kutoka kwenye nakala hiyo. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haiwezi kuhesabiwa kuwa kinga.

Akaunti, ruhusa na mtandao

Programu wakala na seva ya hifadhi huhitaji akaunti ya huduma, yaani akaunti inayotumiwa na programu badala ya mtu, kwenye kikoa (mtandao wa kompyuta unaosimamia akaunti zake kwa pamoja). Itengenezwe kwa ajili ya kazi hii pekee, isiwe akaunti ya mtu, kwa sababu mtu huhama idara au huacha kazi, akaunti yake hufungwa, na siku hiyo hiyo faili za watu wengi huacha kufunguka. Kwa kawaida akaunti hiyo hupewa haki ya kuingia kama huduma, huwekwa kwenye kundi la wasimamizi la kila seva ya faili, na hupewa udhibiti kamili kwenye folda za pamoja na kwenye ruhusa za NTFS chini yake. Watu wengi hukumbuka ruhusa za folda ya pamoja na kusahau zile za NTFS. Matokeo yake ni kazi ya uhamishaji inayoripoti kuwa imekamilika ilhali imeruka folda zilizofungwa. Nenosiri la akaunti liwekewe utaratibu wa kubadilishwa unaojulikana na kila anayehusika, na siku ya kulibadilisha iandikwe mahali.

Saa za seva zote mbili zilingane. Kerberos, utaratibu ambao kikoa hutumia kuthibitisha utambulisho, kwa kawaida hukataa tofauti inayozidi dakika 5, na ujumbe wa kosa unaotokea mara nyingi hautaji saa hata kidogo. Amri ya w32tm /query /status hutoa jibu mara moja.

Kwenye ngome ya mtandao, mlango wa 445 huhitajika kwa ajili ya kusoma faili, mlango wa 135 kwa ajili ya kuanzisha mawasiliano ya amri za mbali, na baada ya hapo mawasiliano huhamia kwenye mlango wowote kati ya 49152 na 65535, huo ukiwa ndio upeo wa kawaida tangu Windows Server 2008. Bidhaa nyingi huongeza milango yake yenyewe. Jaribu njia kwa amri ya Test-NetConnection ukitaja jina la seva na namba ya mlango, na ujaribu pande zote mbili, maana uhamishaji huanzia seva ya hifadhi kwenda seva ya faili, ilhali urejeshaji huanzia seva ya faili kwenda seva ya hifadhi. Ngome iliyofunguliwa upande mmoja tu itakupa mfumo unaochukua faili vizuri na kushindwa kuzirudisha, na hali hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na mfumo kabisa.

Zungumza na programu zinazogusa kila faili

Hatua hii ndiyo nisiyomruhusu mtu yeyote aiahirishe. Andika orodha ya kila programu inayopita kwenye faili zote za seva: kinga ya virusi, nakala rudufu, uorodheshaji wa utafutaji, zana za kutafuta faili zinazojirudia, hati ndogo za robocopy (amri ya Windows ya kunakili folda) ambazo mtu aliziweka kwenye ratiba miaka iliyopita. Kwa kila moja uliza swali moja: ikikuta faili yenye sifa ya kuwa nje ya mtandao, itafanya nini? Mfumo endeshi unaruhusu programu kufungua faili kwa kuomba maudhui yasirejeshwe, na programu nzuri za kinga na za nakala rudufu zina chaguo la kufanya hivyo, lakini chaguo hilo halikuwashwa siku zote. Liwashe. Kwenye robocopy, kigezo cha /XA:O huruka faili zenye sifa hiyo. Nakala rudufu ichukue kiwakilishi kama kilivyo, na hifadhi yenyewe iwe na nakala rudufu yake inayojitegemea, kwa kuwa kuanzia sasa maudhui ya faili hizo yako huko.

Kusakinisha

Kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni kusukuma programu kutoka kwenye koni, yaani skrini ya usimamizi, ya mfumo wa hifadhi, ambapo unaongeza seva ya faili kwa jina lake kamili, unachagua kusakinisha wakala, unatoa akaunti yenye haki, na koni inanakili kisakinishi na kukiendesha. Njia hii inafaa pale milango yote iko wazi. Njia ya pili ni kukiendesha kisakinishi kwenye seva yenyewe, nami huipendelea kwa seva ya kwanza, kwa sababu ninaona kila kinachotokea.

Kabla ya kukiendesha, hakikisha toleo la wakala linapatana na toleo la seva ya hifadhi, na kokotoa alama ya uhakiki ya kisakinishi (mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika maudhui ya faili yakibadilika) kwa amri ya Get-FileHash, uilinganishe na ile iliyochapishwa na mtengenezaji. Kama kisakinishi ni cha aina ya MSI, yaani faili ya kawaida ya usakinishaji ya Windows, kiendeshe kwa kuandika kumbukumbu kamili:

msiexec /i wakala.msi /qn /norestart /l*v C:\Kumbukumbu\wakala.log

Hapo wakala.msi ni jina la mfano, nayo folda ya Kumbukumbu iwepo tayari. Kigezo cha /qn huondoa maswali yote kwenye skrini, na /norestart huizuia seva isijizime yenyewe saa za kazi. Msimbo wa matokeo ukiwa 0, kazi imekamilika. Ukiwa 3010, imekamilika ila seva inahitaji kuwashwa upya. Ukiwa 1603, imeshindikana. Kwa hali hiyo ya mwisho fungua kumbukumbu, tafuta maneno Return value 3, na usome mistari iliyo juu yake, kwa sababu sababu halisi huwa hapo. Seva ikihitaji kuwashwa upya, iwashwe upya kabla ya jambo lingine lolote. Kichujio kilichopakiwa nusu nusu huleta matatizo yasiyofanana siku mbili mfululizo.

Kwenye kundi la seva zinazopokezana, wakala asakinishwe kwenye kila seva mwanachama, hata ile ambayo kwa sasa haina diski, kisha rasilimali ya huduma ya hifadhi iongezwe kwenye kila kikundi chenye diski husika na kufanywa itegemee diski hizo. Ukimaliza, hamisha kikundi kwenda kila mwanachama kwa zamu na ufungue kiwakilishi kimoja kila mara.

Thibitisha kwa macho yako

Andika tena fltmc filters na ulinganishe na orodha ya mwanzo. Kichujio kipya kiwepo, na mwinuko wake uwe ule unaotarajiwa. Amri ya fltmc instances itakuonyesha kama kimejishikiza kwenye diski unayoikusudia. Kisha angalia huduma za wakala: ziwe zinaendeshwa, ziwe zimewekwa kuanza zenyewe, na ziwe zinatumia akaunti sahihi.

Jaribio lifanyike kwenye folda ndogo ya nakala, isiyo ya mtu yeyote. Weka humo faili kumi za aina tofauti, kubwa kwa ndogo, mojawapo ikiwa na jina refu lenye nafasi na herufi za lafudhi. Kokotoa alama ya uhakiki ya kila faili na uihifadhi. Hamisha folda hiyo hifadhini, kisha bofya faili moja kwa kitufe cha kulia na ufungue sifa zake. Utaona mistari miwili ya ukubwa: ule wa kwanza utasema, tuseme, MB 48, kama ilivyokuwa, ule wa pili, wa ukubwa kwenye diski, utakuwa umeshuka hadi sifuri au kilobaiti chache. Tofauti ya mistari hiyo miwili ndiyo nafasi uliyoiokoa. Amri ya fsutil reparsepoint query pamoja na njia ya faili itakuonyesha alama yenyewe.

Sasa nenda kwenye kompyuta ya kawaida, ingia kwa akaunti ya mtumiaji asiye na haki za usimamizi, na ufungue faili zote kumi. Usiridhike na jaribio la kwenye seva, kwani huko una haki ambazo watumiaji hawana na hupiti kwenye mtandao wao. Baada ya hapo kokotoa tena alama za uhakiki na ulinganishe. Kumbuka kwamba kuikokotoa alama ni kuisoma faili nzima, hivyo amri yenyewe itairejesha faili kama bado haijarejeshwa. Hapa ni sawa, lakini usiendeshe amri hiyo kwenye folda nzima ya idara.

Jaribio moja zaidi hufanywa na wachache: simamisha huduma za seva ya hifadhi na ufungue kiwakilishi. Kitashindwa, na inapaswa kishindwe. Unachotafuta ni kama mtumiaji hupata ujumbe ndani ya muda mfupi au kompyuta yake huganda kwa dakika kadhaa. Piga picha ya ujumbe huo na uwape wanaopokea simu za watumiaji, ili siku ya hitilafu ya kweli waitambue mara moja.

Kuanza kuhamisha

Sera ya kwanza iwe nyepesi. Tarehe ya mwisho ya kufunguliwa faili huvutia kama kigezo, lakini matoleo mengi ya Windows Server huzima uandikaji wake, na amri ya fsutil behavior query disablelastaccess itakuambia hali ya seva yako. Mimi hutumia tarehe ya mwisho ya kuhaririwa, ambayo ni ya kuaminika zaidi. Weka kiwango cha chini cha ukubwa pia. Kizio cha kawaida cha NTFS, yaani kipande kidogo kabisa cha diski kinachotengewa faili, ni KB 4 kwenye diski zisizozidi TB 16, kwa hiyo faili ndogo kuliko hapo ikigeuzwa kiwakilishi haikupunguzii kitu, bali inaongeza kazi ya kurejesha. Ondoa kabisa kwenye sera faili za hifadhidata, faili za PST ambamo Outlook huweka barua pepe, programu zinazoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye folda ya pamoja, na faili zilizosimbwa kwa EFS, usimbaji wa faili uliomo ndani ya Windows.

Weka kikomo cha urejeshaji, yaani idadi ya faili ambazo mtumiaji mmoja anaweza kurejesha kwa muda fulani, kama bidhaa yako inaruhusu. Watumiaji nao waelezwe tabia moja: kuhamisha kiwakilishi kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ile ile hukiacha kama kilivyo, lakini kukinakili, au kukihamishia diski nyingine, ni kukisoma, na kukisoma ni kukirejesha. Anayeburuta folda ya miaka kumi kwenda diski ya nje huwa ameomba folda yote irudi.

Siku ya kuiondoa

Programu wakala isiondolewe kama programu ya kawaida, hata kama mfumo mzima unabadilishwa. Ukiondoa kichujio huku viwakilishi vikiwa bado kwenye diski, majina yataonekana kwenye folda kama zamani, ila kila anayefungua atapata kosa namba 1920, linalosema kwamba mfumo hauwezi kuifikia faili hiyo. Utaratibu ni huu: simamisha kwanza kazi za uhamishaji, pima kama diski ina nafasi ya kupokea maudhui yote, rejesha faili zote kwa zana ya bidhaa yenyewe kwa mafungu, kisha tafuta kama kuna kiwakilishi kilichobaki kwa amri ifuatayo, ukiweka njia ya diski yako:

dir D:\ /s /b /a:o

Amri hiyo huorodhesha faili zenye sifa ya kuwa nje ya mtandao. Ikirudi na hata jina moja, chunguza jina hilo kabla ya kuendelea. Ikirudi bila jina lolote, chukua nakala rudufu mpya, ondoa programu wakala, washa seva upya, na uandike fltmc filters kwa mara ya mwisho ili ulinganishe na orodha uliyoihifadhi siku ya kwanza.